Ngoma na Ngoma: Kinachotofautisha Mitindo ya Uchezaji

Chakacha ya Mombasa na Lamu, msondo wa unyago wa Unguja na sindimba ya Wamakonde wa Mtwara ni ngoma tatu ambazo kwa jicho lisilozizoea hufanana sana, kwa kuwa katika zote kiungo kinachotangulia ni kiuno, hatua za miguu huwa fupifupi, na kifua hutulizwa ili mzunguko wa nyonga uonekane. Hata hivyo, mwanamke wa Mombasa aliyekulia katika harusi za kwao hawezi kuichanganya chakacha na msondo, wala Mmakonde hatakubali kwamba sindimba ni jina jingine la chakacha. Swali linalozaliwa hapo ni zito kuliko linavyoonekana: ikiwa kiungo kinachochezeshwa ni kile kile, ngoma moja hutofautishwa na nyingine kwa nini?

Jibu linalotetewa katika makala haya ni kwamba mtindo wa ngoma haukai katika kiungo kimoja wala katika hatua moja. Ukili husukwa kwa miyaa kadhaa, na nakshi ya mkeka si mali ya mwaa mmoja bali hutokana na namna miyaa hiyo inavyopishana. Vivyo hivyo, mtindo wa ngoma husukwa kwa mambo matano, yaani mwili, mdundo, mpangilio wa wachezaji, mtu mwenye haki ya kucheza, na tukio linaloiita ngoma hiyo. Mwaa mmoja ukichomolewa, nakshi hubadilika, hata kama jina la mkeka limebaki lile lile.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inalishuhudia jambo hili. Neno ngoma, ambalo mzizi wake unapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, hutaja chombo kilichowambwa ngozi, hutaja muziki unaotoka katika chombo hicho, hutaja uchezaji unaoufuata muziki huo, na hutaja pia shughuli nzima ambayo watu hualikana kuihudhuria. Anayesema kwamba anakwenda ngomani hatenganishi mlio na mchezo, wala mchezo na watu waliokusanyika. Dansi, kwa upande wake, ni neno lililoingia kutoka Kiingereza, nalo limezoeleka zaidi kwa uchezaji wa ukumbini unaoongozwa na bendi, ambako mtu yeyote aliyelipa kiingilio anaweza kuingia uwanjani. Wasemaji wa Kiswahili walitenga maneno hayo mawili kwa sababu waliona kuwa mazingira ya uchezaji ni sehemu ya uchezaji wenyewe.

Mwili na uzito wake

Jambo la kwanza ambalo mtazamaji hulitambua ni mwili. Mtaalamu wa miondoko Rudolf Laban, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1879, alichapisha mwaka 1928 mfumo wa kuandika uchezaji kwa alama, kama vile muziki unavyoandikwa kwa nota, na katika mafundisho yake alionyesha kwamba mwondoko wowote unaweza kupimwa kwa uzito unaotumika, kwa kasi yake, kwa uelekeo wake katika nafasi, na kwa jinsi unavyotiririka au kuzuiwa. Vipimo hivyo husaidia kueleza kwa nini mitindo miwili inayotumia kiungo kimoja inaweza kuwa mbali kabisa, kwa kuwa bega linaloinuliwa taratibu na bega linalotikiswa kwa mkupuo hayatoi maana moja.

Tofauti iliyo wazi kuliko zote ni ile ya mwili kuhusiana na ardhi. Katika baleti, uchezaji uliopata kanuni zake katika kasri la Ufaransa, ambako mfalme Louis wa 14 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661, mgongo hunyooshwa, miguu hugeuzwa nje kutoka nyongani, na nafasi tano za miguu hufundishwa kama msingi wa kila hatua, na shabaha ya mafunzo yote hayo ni kumfanya mchezaji aonekane hana uzito. Katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki mambo ni kinyume, kwa kuwa magoti hulegezwa, kiwiliwili huinama kidogo, na mguu hukanyaga kana kwamba unaitafuta ardhi ili uzungumze nayo. Zaidi ya hayo, mwili haufuati kitovu kimoja, bali mabega yanaweza kushika mdundo mmoja ilhali kiuno au miguu imeshika mwingine.

Hata hivyo, kusema kwamba uchezaji wa Kiafrika wote ni wa kukanyaga ardhi na kukata kiuno ni kosa. Vijana wa Kimaasai hucheza wakiwa wamesimama wima, miguu imebanwa pamoja, na mmoja au wawili huingia katikati ya nusu duara na kuruka juu kadiri wawezavyo huku wenzao wakiwaimbia. Intore wa Rwanda, ambao uchezaji wao ulitokana na mafunzo ya vijana wapiganaji wa kifalme, hunyoosha mikono, huvaa vichwani manyoya marefu ya nyuzi yanayofanana na ya simba, na hukanyaga kwa kishindo huku njuga zikilia vifundoni. Mwaka 1970 mwanaanthropolojia Joann Kealiinohomoku aliandika kwamba hata baleti ni uchezaji wa kikabila, kwa kuwa nayo imebeba desturi, mavazi, hadithi na maadili ya watu walioibuni. Hoja yake inafaa kukumbukwa na kila anayegawa dunia katika mafungu mawili, la sanaa ya wote upande mmoja na la ngoma za makabila upande wa pili, kwa sababu kila uchezaji una wenyewe.

Mdundo na ala

Mwaa wa pili ni mdundo, na hapa ndipo sikio linapomsahihisha mwenye jicho. Chakacha huenda kwa mapigo sita yanayoweza kuhesabiwa kwa namna mbili kwa wakati mmoja, ama kama mafungu mawili ya mapigo matatu, ama kama mafungu matatu ya mapigo mawili. Mpiga chapuo, ambayo ni ngoma ndogo yenye mlio mkali, na mpiga vumi, ambayo ni ngoma kubwa yenye mlio mzito, hawasemi jambo moja, na kiuno cha mchezaji huzunguka katika nafasi iliyo kati ya kauli zao mbili. Anayejua kuzungusha nyonga lakini hasikii mpishano huo atakuwa anatikisika tu, na wazee wa pwani watalitambua hilo mara moja.

Ala nazo huitaja ngoma hata kabla mchezaji hajaonekana. Vugo, ambayo ni ngoma ya wanawake katika harusi za pwani, hutambulika kwa mlio wa pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya hutumia ngoma tatu, ambazo wenyewe huzihesabu kuwa baba, mama na mtoto, pamoja na pembe ya swala, na kwa hiyo ala zenyewe zimeibeba picha ya familia ambayo jamii inaisherehekea au inaililia. Vijana wa Kimaasai hawatumii ngoma ya kuwambwa kabisa, bali sauti zao nzito zinazopokezana ndizo mdundo, na pumzi ya mwimbaji ndiyo inayomwambia mrukaji wakati wa kuruka. Kwa intore, njuga zilizofungwa vifundoni humfanya mchezaji awe pia mpigaji, hivyo hatua ikikosewa kosa lake husikika.

Kasi ni sehemu ya mdundo, nayo huamua mwili unaweza kufanya nini. Singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam na kurithi mengi kutoka mchiriku na ngoma za Wazaramo, huweza kupita mapigo 200 kwa dakika. Katika kasi hiyo mwili hauna muda wa kuchora mzunguko mpana, na kwa sababu hiyo uchezaji wake umekuwa wa mitikisiko midogo na ya haraka, inayokatwa ghafla kwa pozi. Lelemama, ambayo wanawake wa pwani waliicheza wakiwa wamejipanga mstari, ilikwenda taratibu kiasi kwamba kugeuza kiganja tu kulitosha kuonyesha ustadi, na anayetaka kujua kwa nini singeli haina kiganja kilichogeuzwa kwa utulivu ataipata sababu katika kasi yake.

Mpangilio wa wachezaji

Mwaa wa tatu ni namna wachezaji wanavyojipanga, jambo ambalo watazamaji wengi hulichukulia kuwa la pambo tu. Duara huwafanya watu wote waonane na humweka mmoja katikati ili apimwe, ilhali mstari huficha tofauti za watu na huonyesha umoja wa kundi. Msafara, kama ule wa mdundiko wa Wazaramo unaopita mitaani na kuwazoa vijana kila unapopita, hauna uwanja wala mpaka kati ya mchezaji na mtazamaji, kwa kuwa anayetoka mlangoni kutazama huweza kujikuta mtaa wa tatu akicheza. Kila mpangilio hueleza jinsi watu wa mahali hapo wanavyohusiana.

Wasukuma wa kusini mwa Ziwa Victoria wamelifikisha jambo hili mbali. Vikundi vyao vya ngoma kwa desturi hugawanyika katika vyama viwili vikubwa vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, na vikundi hivyo huingia uwanjani vikicheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, huku manju, yaani kiongozi mtunzi na mwimbaji, akitumia utunzi, ucheshi na hata dawa ili awavute watu. Mshindi ni yule aliyekusanya umati mkubwa zaidi, kwa hiyo watazamaji ndio waamuzi na miguu yao ndiyo kura. Katika utaratibu huo mtindo hauwezi kuganda, kwa sababu kikundi kinachorudia mambo ya mwaka uliopita huachwa peke yake uwanjani. Bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo ni miongoni mwa ngoma mashuhuri za Wasukuma, ilitokana na vikundi vya kulima kwa pamoja vilivyofuata mdundo ili majembe yaende sawa, na hata leo wachezaji wanapoyarusha na kuyadaka majembe hayo, mwondoko wao bado ni wa mkulima aliye kondeni.

Nani hucheza, na wakati gani

Mwaa wa nne na wa tano huenda pamoja, nayo ndiyo isiyoonekana katika picha wala katika video. Msondo wa unyago hutambulika kwa ngoma ndefu ambayo mpigaji huifunga kiunoni na kuipiga akiwa amesimama, lakini unachotambulika nacho zaidi ni faragha. Huchezwa na wanawake mbele ya wanawake, chini ya uongozi wa kungwi, na mzunguko wa nyonga ni somo kamili analofundishwa mwali kuhusu mwili wake, ndoa na heshima. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuitwa majukwaani katika nchi nyingi, alijulikana ulimwenguni kama mwimbaji wa taarabu, lakini nyumbani alikuwa pia kungwi, na watu wa kwao hawakuchanganya kazi hizo mbili. Chakacha nayo kwa asili ni ya wanawake, ila tukio lake ni harusi na kusudi lake ni furaha, kwa hiyo kiuno kinachofundisha katika msondo hushangilia katika chakacha.

Haki ya kugusa ngoma yenyewe hutofautiana pia. Miongoni mwa Wagogo wa Dodoma, muheme ni ngoma ambayo wanawake ndio wapigaji, wakizibana ngoma mapajani na kucheza huku wakizipiga. Nchini Burundi, uchezaji wa ngoma za kifalme, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ubinadamu mwaka 2014, ni wa wanaume, na amri ya rais ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga. Mtu anaweza kuliunga mkono au kulipinga katazo hilo, lakini hawezi kueleza muheme ni nini au ngoma za Burundi ni nini bila kutaja ni mikono ya nani inayozipiga.

Jinsi mtindo unavyozaliwa

Ikiwa mtindo umesukwa, basi unaweza kufumuliwa na kusukwa upya, na mfano bora wa hilo katika historia ya Afrika Mashariki ni beni. Ngoma hii, ambayo jina lake lilitokana na neno la Kiingereza la bendi, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, wakati ambapo watu waliona gwaride na kusikia tarumbeta za wakoloni. Walichukua mstari wa gwaride, sare na vyeo kama vile kingi na jenerali, wakaviingiza katika desturi iliyokuwapo zamani, ile ya mitaa miwili kushindana kwa ngoma, mavazi na karamu. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, na huko Tanganyika wakashindana Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba ngoma hiyo haikuwa kuiga tu, kwa kuwa vyama hivyo vilisaidiana katika shida na kuwapa wanachama wake heshima waliyonyimwa na wakoloni.

Vita Kuu ya Kwanza iliibeba beni hadi bara, kwa miguu ya askari na wapagazi. Ilipofika kandokando ya Ziwa Nyasa, ambako tarumbeta za shaba hazikupatikana kwa urahisi, vibuyu vilitobolewa na kuwekewa utando ili vitoe mvumo wa tarumbeta, na hivyo ikazaliwa mganda, ambayo upande wa Malawi hujulikana pia kama malipenga. Unguja beni imebaki kuwa ngoma ya harusi inayopita mitaani, ikichekesha na kuwachezesha watu wa rika zote. Katika safari hiyo gwaride lilibaki, ala zikabadilika, tukio likabadilika, na watu wakatoa majina mapya, kwa sababu walijua kwamba ngoma iliyobadilishwa kiasi hicho imekuwa ngoma nyingine.

Mwaa unaobadilika huweza hata kuwa tukio peke yake. Vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam vilikuwa na viongozi wao, michango yao na utaratibu wao wa kualikana, na Bibi Titi Mohamed, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi cha namna hiyo, alivitumia mwaka 1955 kuwaingiza maelfu ya wanawake katika chama cha siasa cha TANU. Ngoma iliwafundisha jinsi ya kujipanga, na siasa ikaukuta mpango huo tayari.

Jukwaa na kinachopotea njiani

Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge alipoapishwa kuwa Rais wa Tanganyika mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba, chachacha na twisti, ilhali hawakuwahi hata kuzisikia ngoma kama gombe sugu, kiduo na lelemama, na katika hotuba hiyo akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikundi cha ngoma cha taifa kiliundwa katika miaka iliyofuata, na mwaka 1981 kikafuatiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni taasisi inayojulikana kama TaSUBa. Nchini Kenya, Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971 kwa lengo linalokaribiana na hilo. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na ya heshima, kwa kuwa bila jukwaa la taifa kijana wa Kihaya asingeiona ngoma ya Wamakonde, wala Mmakonde asingeiona ya Wagogo.

Lakini jukwaa lina gharama, na sindimba inaionyesha wazi. Ngoma hiyo, iliyohusishwa na sherehe za jando na unyago, ilipopelekwa mijini ilifupishwa ili iingie katika ratiba, wachezaji wakageuzwa kuwaelekea watazamaji badala ya kuelekeana, na nyimbo za Kimakonde zikafika kwenye masikio yasiyozielewa. Kiuno kilikuwa mwaa mmoja katika nakshi yenye mafunzo ya rika na furaha ya wazazi waliowapokea watoto wao wakiwa watu wazima, nacho kikabaki peke yake mbele ya mtazamaji, ambaye hakuwa na namna ya kukisoma ila kama uchokozi. Chakacha ilipata mkasa unaofanana na huo ilipohamia katika kumbi za hoteli za pwani na kuchezwa mbele ya watalii, wanaume na wanawake, kwa muziki wa bendi zenye magitaa. Muziki ulipata uhai mpya na wanamuziki wakapata riziki, lakini neno chakacha sasa lilikuwa linataja vitu viwili, na adabu ya kile cha kwanza haikuwalinda wachezaji wa kile cha pili.

Dawa ya hali hiyo si kuzifungia ngoma ndani, kwa kuwa beni imekwisha kuonyesha kwamba kubadilika ni uhai. Dawa ni ukweli wa maelezo. Mwalimu wa shule anayewafundisha watoto sindimba kwa ajili ya mashindano anaweza pia kuwaeleza maana ya wimbo, tukio lililoiita ngoma hiyo, na mambo yaliyobadilishwa ili iingie katika dakika walizopewa. Mshereheshaji anayeitangaza ngoma jukwaani anaweza kuwataja wenyewe na mahali pake, badala ya kusema tu kwamba inayofuata ni ngoma ya asili. Mwenye kurekodi video kijijini anaweza kuandika nani aliruhusiwa kucheza na nani alibaki nje, kwa sababu kamera hunasa mwili na mdundo kwa urahisi, ilhali haki na tukio hupotea usipoviandika.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa, na methali hiyo kwa kawaida hufasiriwa kuwa sifa ya nyumbani na ya ndugu. Ikisomwa kwa makini, inaeleza pia kanuni ya mtindo. Mcheza kwao hutunzwa kwa sababu kwao ndiko waliko watu wanaousikia mpishano wa vumi na chapuo, wanaojua kwa nini ni yeye aliyepewa nafasi ya kuingia kati, na wanaokumbuka ni tukio gani lililowatoa majumbani usiku huo. Fedha wanayombandika kwenye paji la uso ni ushahidi wa watu hao kwamba ngoma imechezwa kama inavyopaswa, na mchezaji anayekwenda mbali na kwao huhitaji mtu wa kuwaeleza wageni kile ambacho nyumbani hakihitaji kuelezwa.